Joto la Kivulini

Jina la Bibi Huenda alipewa redioni, na aliyempa alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, mtu wa maneno mengi ambaye mji mzima ulimwita Kasuku. Mwanamke yule, mtaalamu wa ofisi ya hali ya hewa, alikuwa amesema kwamba huenda mvua ikanyesha Jumamosi na Jumapili. Wenye harusi wakakimbilia kumbi, wenye mechi wakaahirisha, na jua likawaka siku zote mbili kama lililotumwa. Jumatatu Kasuku akamkaribisha hewani kwa sauti ya upole.

"Na sasa tuko naye Bibi Huenda. Bibi, kesho kutakucha, au huenda?"

Fundi mitambo alicheka hadi akasahau kufungua maikrofoni ya mgeni. Tangu hapo watu wachache tu walikumbuka kwamba mama yule alikuwa na jina alilopewa na wazazi.

Hakukasirika. Siku moja, wakinywa chai kwenye korido ya kituo, alimweleza Kasuku kwamba mvua ikitabiriwa kwa namna ile mara kumi, mara saba hunyesha na mara tatu hainyeshi, na kwamba hizo mara tatu si uongo, ni sehemu ya ukweli wenyewe. Kasuku alisikiliza vizuri. Nje ya maikrofoni hakuwa mtu mbaya.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini msikilizaji wangu anapiga pasi, na mtoto hajavaa viatu. Mpe neno moja alibebe. Ukimpa matatu anayaacha yote mlangoni."

Bibi Huenda alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, ambaye yeye alimbeba mgongoni kabla hajajua kujifunga kanga vizuri. Waliomjua walimwita Paa, kwa sababu mbili: kazi yake ilikuwa kuezeka mabati, na miguu yake ilikuwa myembamba na myepesi kama ya mnyama mwenye jina hilo. Watoto wa Paa walimwita mama yule shangazi Huenda, mbele yake, na yeye alikuwa akiitika.

Kiangazi kile ramani za ofisini zilianza kuonyesha jambo asilolipenda. Hewa ya moto ilikuwa inakuja kutuama juu ya mji, na upepo wa kuisukuma haukuonekana popote. Mchana haukumtisha sana, maana watu wa mji ule walizaliwa na joto. Kilichomtisha ni usiku. Ramani zilisema usiku nao hautapoa, na mwili usiopoa usiku huamka umechoka kuliko ulivyolala, kisha hupelekwa juani tena. Alirudia hesabu, akamwomba mwenzake azirudie, kisha akakaa kuandika tangazo.

Mkuu wa ofisi alikuwa mzee wa sauti ya chini, aliyebakiza muda mfupi kustaafu na aliyetaka uishe salama. Alilisoma tangazo akiwa na kalamu mkononi, na kalamu ikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"'Wanaofanya kazi juani wapumzike kuanzia saa tano hadi saa kumi,'" alisoma. "Hii ni ya nani?"

"Ni yetu, mzee."

"Hapana. Sisi tunasema joto litakuwa kiasi gani. Nani afanye kazi saa ngapi, hilo lina wizara yake. Ukiwasimamisha wajenzi wa mji mzima, simu italia mezani kwangu, haitalia kwako."

"Nikisema nyuzi thelathini na tisa, nisiseme mtu afanye nini, nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umesema nyuzi thelathini na tisa," alijibu mkuu, na wala hakuwa anatania. Akaukata mstari kwa kalamu, taratibu, kama mtu anayekata ukucha.

Asubuhi ya kwenda redioni Bibi Huenda alibeba karatasi ile yenye mstari uliokatwa. Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa na kiyoyozi kikali, na Kasuku alikuwa amevaa sweta. Alimpa dakika mbili kati ya muziki na matangazo ya biashara.

"Kuanzia kesho joto litazidi lile la kawaida kwa nyuzi tano," alisema Bibi Huenda, "na litakaa siku kadhaa."

"Tano tu?" Kasuku aliuliza. "Bibi, chai yangu hii ikipungua tano hata siigundui."

"Mwili wako ukizidi tano, utakuwa maiti."

Kasuku, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikosa neno. Kimya kile kilikuwa kifupi, lakini mama akakiingia kama mtu aliyekuta mlango haukufungwa. Alisema kwamba usiku hautapoa. Alisema watu wanywe maji kabla ya kusikia kiu. Kisha akasema na ule mstari uliokatwa: anayefanya kazi juani akae kivulini kuanzia saa tano mpaka saa kumi, na mwenye kazi amruhusu.

Kufikia hapo Kasuku alikuwa amejipata.

"Mabosi mmesikia? Daktari wa mawingu amewaandikia wafanyakazi wote likizo ya usingizi. Ukimkuta mtu kajilaza kivulini usimwamshe, jamani. Huyo ni mgonjwa wa Huenda."

Muziki ukaingia. Kabla ya adhuhuri kipande kile cha mgonjwa wa Huenda kilikuwa kimekatwa, kikawekewa ngoma, na kikawa kinachezwa kila baada ya tangazo la sabuni. Kilipita kwenye simu za watu, kutoka kundi hadi kundi. Neno la maiti halikuwemo. Hakuna aliyelificha, ila halikuwa na mdundo.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bati bila dari, na ndani palikuwa kama mdomo wa tanuri. Wifi yake alikuwa anawapangusa watoto kwa kitambaa chenye maji. Paa alikaa kizingitini, miguu ndani ya beseni.

"Karibu, wifi," alisema mke wa Paa. "Leo umetuvunja mbavu. Hata majirani wamekuja kuniuliza kama ni wewe kweli."

"Ni mimi. Na sikuwa nachekesha."

"Tunajua, ni yule Kasuku wako."

Alivuta kigoda akakaa karibu na mdogo wake. Alimwambia joto litafika nyuzi thelathini na tisa, aache kazi kwa siku zile. Paa alitikisa miguu kwenye maji.

"Dada, thelathini na tisa si kitu. Mimi juu ya bati nakutana nazo kila siku."

"Hizo ni za kivulini. Kipimajoto chetu kinakaa ndani ya kisanduku cheupe, juu ya nyasi, na upepo unapita. Juu ya bati lako mchana ni habari nyingine kabisa. Hata kiganja huwezi kukiweka."

"Sasa kwa nini msipime juu ya bati, mtu akaelewa?"

"Dunia nzima inapima kivulini, ili vipimo vilingane."

"Dunia nzima haiezeki, dada."

Kisha Paa akamwonea huruma, akalainisha sauti. Alimweleza kwamba bohari wanaloezeka lazima lifunikwe kabla ya mvua. Karatasi ya mvua za msimu, yenye nembo ya ofisi ya dada yake, ilikuwa imebandikwa ukutani kwa msimamizi, na ndiyo aliyoinyooshea kidole kila asubuhi akiwahimiza. Akikosa siku moja, kuna watu getini wanaosubiri nafasi yake.

"Basi mchana ushuke," alisema dada yake. "Hata kama hakuna anayeshuka."

"Nitashuka."

"Niapie."

"Nimeshasema nitashuka. Niape kwa sababu ya jua, nimekuwa mchawi?"

Wifi akacheka, na yeye naye akajikuta anatabasamu. Walimpa maji ya kunywa, wakamsindikiza hadi barabarani.

Joto likaja kama lilivyoandikwa. Mji ulijisikia mzito. Mbwa walilala kwenye mitaro, wauza duka walihamishia viti vyao upande wa ukuta wenye kivuli, na usiku watu walitandika mikeka nje na bado hawakulala. Siku ya kwanza na ya pili alimpigia mdogo wake mchana, na mara zote mbili Paa alipokea akiwa chini, anatafuna. Siku ya tatu simu iliita bila kupokewa. Baadaye aliyempigia alikuwa wifi yake, na hakuweza kusema zaidi ya jina la hospitali.

Alipofika, Paa alikuwa ameshafunikwa. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu, shati limemganda mgongoni. Korido ilikuwa imejaa wazee na watoto wachanga waliolazwa kwenye mabenchi.

"Moyo umesimama, mama. Pole sana."

"Joto la mwili wake lilikuwa nyuzi ngapi alipofika?"

"Hatukupima. Alipofika alikuwa ameshakata roho."

"Andika kwamba ni joto."

Daktari alimtazama kwa uchovu, bila ukali. "Siwezi kuandika nisichokipima."

Maisha yake yote Bibi Huenda alikuwa amewaambia wanafunzi waliokuja ofisini kujifunza kazi maneno hayo hayo. Alisimama pale, mkono juu ya shuka, akajaribu kutafuta kosa katika jibu la yule kijana, akalikosa. Cheti kiliandikwa moyo.

Msibani watu walisema yanayosemwa. Siku zake zilifika. Kazi ya Mola haina makosa. Mmoja aliuliza kama marehemu alikuwa na presha, mwingine akajibu kwamba siku hizi kila mtu anayo. Kasuku alituma salamu za rambirambi hewani, kwa sauti nzito, akisema familia ya Bibi Huenda imefikwa. Hata siku ile hakutumia jina lake.

Siku ya pili ya msiba alikuja fundi mwenzake Paa, mtu mfupi waliyekuwa wakipanda naye pamoja miaka mingi, mmoja akishika bati na mwingine akipiga msumari. Alizunguka zunguka kwenye viti, kisha akaja kuchuchumaa karibu na mama.

"Alishuka," alisema. "Nataka ujue, dada, alishuka. Siku zile mbili saa tano ikifika anateremka ngazi, anakaa nyuma ya tofali. Anasema amekuahidi."

"Na siku ya tatu?"

Fundi aliokota kijiti akawa anakivunja vipande.

"Siku ya tatu pia alishuka. Msimamizi akapita. Hakugomba. Laiti angegomba, Paa hakuwa mtu wa kuogopa kelele. Alicheka tu, akasema, 'Na huyu naye ni mgonjwa wa Huenda?' Vijana wakadakia. Mmoja akaimba kile kipande cha redioni, na ngoma akapiga kwenye ndoo. Mwingine akasema, 'Mwacheni huyo, ni wa damu kabisa, ana cheti.' Paa akacheka nao. Halafu akapanda."

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka, dada."

Fundi aliona afadhali amalize.

"Baada ya muda akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Anapiga nyundo mahali hakuna msumari. Ngozi kavu, hana hata jasho. Tukadhani kanywa. Tukamshusha kwa kamba, wawili juu, wawili chini. Tulijua msimamizi akimkuta amelewa kazini atamfukuza, na ana watoto. Tukamlaza kwenye kontena la vifaa, tukamfungia mlango asionekane. Tulisema alale kidogo, pombe itamtoka."

"Kontena la chuma?"

"La chuma."

"Lililokaa juani?"

Kijiti kilikuwa kimeisha mkononi mwake. Hakuondoka. Walikaa hivyo hivyo, na mama akajua kwamba mtu huyu alikuwa amemfungia ndugu yake ndani ya tanuri kwa kumpenda, na kwamba hatawahi kumwambia mwingine yeyote.

Mama alidhani wifi yake hakusikia, kumbe alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Watu walipopungua akatoka, akasimama mbele yake, mikono imeshika upande wa kanga.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilisema, wifi."

"Ulisema redioni, nikacheka. Ulikuja ukasema hapa mlangoni, yeye akatania, nawe ukatabasamu. Ulikunywa maji, ukaenda zako. Mtu aliyeona nyumba inaungua hasemi ni nyuzi ngapi. Anapiga mayowe."

"Ningepiga mayowe mngenisikia?"

"Sijui. Hukupiga."

Wifi hakumkataza kuja. Ila aliwakataza watoto kumwita shangazi Huenda, na kwa kuwa jina alilopewa na wazazi hawakulizoea, wakabaki wanamwamkia shikamoo bila kumwita chochote, kama mgeni.

Bibi Huenda aliporudi kazini alikuta kikao cha mwezi. Mkuu alisoma taarifa kwa sauti yake ya chini: utabiri wa joto lile ulikuwa umepishana na vipimo kwa chini ya nusu ya nyuzi moja, jambo ambalo ofisi haijawahi kulifikia. Wenzake wakapiga makofi. Kisha mmoja akamkumbuka, akaacha, na wengine wakaacha mmoja mmoja, hadi akabaki mzee wa stoo peke yake anapiga, maana hakuwa amesikia habari.

Mkuu alimfuata mezani baadaye kumpa pole. Mama alimwambia kwamba anataka ule mstari urudishwe kwenye matangazo yote ya joto.

"Nitaiandikia wizara," alisema mkuu.

"Lini?"

"Jambo hili lina hatua zake. Nenda nyumbani upumzike, mama."

Akaenda kwa Kasuku. Alimkuta kwenye korido ile ile, kikombe mkononi. Kasuku aliinuka upesi, akampa mikono yote miwili, na machoni alikuwa amehuzunika kwelikweli. Alisema kile kipande alikiondoa hewani siku ile ile aliyosikia. Alisema atampa robo saa nzima, si dakika mbili.

"Uje usimulie habari za marehemu. Alivyokuwa mchangamfu, watoto aliowaacha. Watu watalia, na wakilia watakumbuka."

"Na utawaambia kilichomrudisha juu ya paa?"

Kasuku aliweka kikombe chini. "Kipi hicho?"

Akamsimulia. Ndoo, wimbo, cheti, kila kitu. Kasuku alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukawa mwingine, kisha polepole ukarudi kuwa ule wa kawaida.

"Hilo halina haja kuliweka hewani," alisema. "Tutamshtaki nani, kicheko?"

"Ndiyo."

"Mama, mimi sikumpandisha mtu paa."

Ilikuwa kweli. Msimamizi naye hakumpandisha, alitania tu. Vijana waliimba tu. Fundi alimficha ili asifukuzwe, mkuu alikata mstari mmoja tu, na daktari aliandika alichokiona. Na yeye mwenyewe alisema, tena kwa vipimo sahihi. Alimtazama Kasuku akaona kwamba wote walikuwa wamesimama foleni moja, na yeye yumo ndani yake. Akaaga, akashuka ngazi za kituo, na hakurudi tena.

Badala yake ofisi ilimpeleka redioni msichana mwenye sauti tamu, ambaye alisoma kilichoandikwa na kumaliza ndani ya dakika moja. Kasuku alimpenda, akampa jina la Asali. Tangazo lilibaki na namba zake, na wasikilizaji wakaendelea kupiga pasi.

Kiangazi kilichofuata, hewa ile ilipoanza tena kutuama, Bibi Huenda aliomba likizo. Alinunua kipimajoto cha mkononi na kipaza sauti cha betri, kama vile vya wauza dawa za panya, akaanza kuzunguka kwenye majengo yanayojengwa. Alijipanga kufika saa ya chai, watu wanapokuwa chini. Alikuwa anaweka kipimajoto kivulini, wanakisoma, kisha anakilaza juu ya bati, wanakisoma tena. Aliwaeleza habari ya jasho kukata, na mtu kuongea ovyo, na kwamba huyo si mlevi, amwagiwe maji, apepewe, abebwe mbio. Hakuwa na kicheko wala hesabu nyingi. Mahali pengine sauti ilimpanda mpaka ikakwaruza, na watu wakaacha kutafuna.

Kwenye saiti ya kwanza walinzi walimtoa. Kwenye ya pili walimsikiliza, wakamshukuru, wakapanda. Kwenye ya tatu, jengo refu la ghorofa lililofika kenchi, zile mbao za kubebea paa, mafundi walikaa kwenye tofali wakamsikiliza mpaka mwisho bila mzaha. Mkubwa wao, mtu wa mvi kidogo, alikirudisha kipimajoto mkononi mwa mama kwa adabu.

"Mama, nikuulize. Ulidhani hatujui kwamba jua linaua?"

Mama akazima kipaza sauti.

"Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa jengo la upande ule. Kila mtu hapa anajua. Ndugu zako wa redio wakicheka, nasi tunacheka, maana ukishajua jambo na huwezi kulifanya, utafanyaje? Sasa umetufundisha vizuri, na Mungu akubariki. Nenda kamfundishe na yule anayetulipa kwa siku. Mwambie tukikaa kivulini siku yetu ihesabiwe. Kwake umefika?"

Alikuwa amekwenda. Alikuwa amekwenda mara nyingi, kwa huyo na kwa wengine kama yeye, na hakupita meza ya karani.

"Sijamwona," alisema.

"Basi."

Msimamizi alipiga chuma, kengele ya kurudi kazini. Mafundi walikung'uta suruali, wakafunga vitambaa vichwani. Kijana mmoja aliyekuwa wa mwisho kushika ngazi aligeuka.

"Mama, kesho itakuwa kama leo?"

"Kesho itazidi," alisema.

Kijana aliitikia kwa kichwa, akapanda.